Je, Mwanafunzi Alikuwa Shuleni Leo?

Wifi yangu Twila hasemi uongo. Nalitanguliza hilo ili mtu asije akadhani nimekuja hapa kumsengenya. Hasemi hata ule uongo mdogo wa adabu, wa kumwambia mwenzako kwamba nywele zimemkaa vizuri. Mwaka juzi kanisani blanketi lake la viraka lilipotangazwa kuwa zuri kuliko yote, alisimama mbele ya watu mia tatu akasema kona ya chini kushoto hakuishona yeye, aliishona mama mkwe wake. Mama mkwe wake ni mama yangu mimi, na wakati huo tulikuwa tumeshamzika miaka minne. Nani angeuliza?

Sasa mtu wa namna hiyo mpe kompyuta inayomuuliza maswali kila siku jioni. Utakiona.

Mimi naitwa Arlys Voth. Nimeendesha basi la njano la shule miaka thelathini na moja kwenye barabara za vumbi za kwetu Kansas, ngano mkono huu, mtama mkono ule, nikastaafu mwezi wa tano. Kustaafu kwenyewe ni jina tu. Madereva hawapatikani, na kila Jumamosi yenye michezo simu yangu inalia. Galen ni mdogo wangu, Twila ni mkewe, na kati ya nyumba yangu na yao hakuna kitu ila banda la trekta na kuku wa Twila.

Galen na Twila hawakupeleka watoto shule. Waliwafundisha wenyewe, jikoni, kwenye meza ile ile wanayolia chakula. Alianza Tobias, ambaye sasa ni mtu mzima na ni fundi umeme huko Wichita, akafuata Maren, ambaye ana miaka kumi na minne. Huku kwetu si ajabu, zipo familia kadhaa zinazofanya hivyo. Lakini hebu jiweke mahali pangu. Shangazi wa damu, dereva wa basi la shule, kila asubuhi kwa miaka kumi na sita napita langoni kwa mdogo wangu na basi halisimami. Watoto wenyewe wako nyuma ya lango na mabakuli yao ya uji, wananipungia mkono, mimi napiga honi, halafu huyoo naenda kuchukua watoto wa watu wengine. Iliniuma. Nilimwambia Twila kwamba inaniuma. Akanijibu, "Pole, wifi," na hakubadilisha chochote.

Basi. Mwaka huu Maren akagundua kwamba ana miguu. Msichana huyu akianza kukimbia kwenye barabara ya vumbi, mbwa wa jirani humfuata kidogo halafu hukaa chini akamtazama. Sheria inaruhusu mtoto anayesomea nyumbani kuingia timu ya shule ya wilaya, kwa hiyo mwezi wa nane akaingia timu ya mbio za nyika. Sharti lilikuwa moja tu: mzazi wake afungue ukurasa kwenye mfumo wa shule wa mtandaoni, na kila siku ya masomo aujaze.

Jamani, mfumo ule. Neno la siri lazima libadilishwe kila baada ya wiki tatu, na lazima liwe na herufi kubwa, tarakimu na alama ya ajabu ajabu. Twila akaamua kutumia majina ya kuku wake. Kuku akiliwa na mwewe, jina lake haliandiki tena, anaona si vizuri. Mahali pa kuthibitisha kwamba yeye si roboti hutua kwanza, akafikiri, ndipo akaweka alama. Kila siku saa kumi jioni alikuwa akinawa mikono, anavua aproni, anakaa wima mbele ya kompyuta utadhani anapigwa picha ya pasipoti, na anajaza. Mimi nilimcheka sana. Nilimwambia, "Wifi, hiyo ni kompyuta, si mkuu wa wilaya." Akasema, "Wameniuliza kwa adabu, na mimi nawajibu kwa adabu."

Alhamisi moja ya mwezi wa kumi nilikuwa jikoni kwake tunamenya matofaa ya kuchemsha, Maren anafunga kamba za viatu aende kukimbia, simu ikalia. Alikuwa kocha. Nilimsikia hata nilipokuwa nimekaa, maana kocha yule akiongea na simu huongea kana kwamba yuko uwanjani.

"Mama Maren, kuna nini? Naandaa orodha ya mbio za kanda za Jumamosi, mfumo unamkataa Maren. Unasema hastahili. Unasema amekosa masomo siku arobaini na saba!"

"Siku arobaini na saba?" Twila alishika kisu hewani. "Maren hajakosa hata siku moja. Siku aliyokuwa anatapika alifanya hesabu na ndoo kati ya magoti."

"Mimi nasoma kilichoandikwa. Mbio za kawaida majina naandika kwa mkono, lakini za kanda yanatoka kwenye mfumo wenyewe. Mwisho ni kesho saa tisa alasiri. Na unajua hali yetu, nina wasichana watano tu. Wakikimbia wanne timu haihesabiwi. Itakuwa hatukwenda."

Maren alikuwa amesimama na kiatu kimoja.

Tukafungua kompyuta. Jina la kuku wa zamu, tarakimu, alama, mimi si roboti, tukaingia. Mimi macho yangu ni ya dereva, naona mbali na naona karibu. Nikaona safu ndefu ya alama nyekundu tangu katikati ya mwezi wa nane hadi jana yake, siku kwa siku, hakuna hata moja ya kijani.

"Twila," nikasema, "hili swali la kwanza hapa juu. Lisome."

Akasoma. "Je, mwanafunzi alikuwa shuleni leo?"

"Na wewe kila siku umekuwa ukijibu nini?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

Akanitazama kama mimi ndiye mwenye kasoro. "Kwa sababu hakuwa shuleni, wifi. Alikuwa hapa."

Nilijaribu kujizuia, Mungu ni shahidi. Nilimeza mate, nikatazama matofaa, nikamtazama paka. Halafu kikanitoka kicheko mpaka nikashika meza. "Arobaini na saba! Kila jioni! Na aproni umevua!"

"Shangazi, acha!" Maren alipiga kelele. "Si kichekesho!"

"Lakini mwanangu," nikamuuliza, "hawakuwaambia? Mfumo hautumi ujumbe?"

"Unatuma," Twila alisema polepole. "Kila siku. Unasema, 'Tunakujulisha kwamba mtoto wako hakuwepo shuleni leo.' Nilidhani ni utaratibu wao, wananithibitishia tu."

"Nawe ukafanya nini?"

"Niliwajibu. Niliandika, 'Asante, najua, yuko nami.'"

Mara arobaini na saba amewashukuru. Hapo hata Maren mdomo ulimcheza kidogo, lakini machozi ndiyo yaliyowahi kutoka.

Twila akapiga simu ofisi ya wilaya. Karani pale ni Lorna Goertzen, namfahamu tangu ana miaka sita, amenitapikia kiti cha tatu mara mbili. Siku hizi ana miwani ya kamba na sauti ya kiofisi. Akasikiliza, akasema, "Ah, hilo dogo, Bi. Twila. Badilisha tu. Kila penye Hapana weka Ndiyo. Wote wanaofundisha nyumbani wanaweka Ndiyo."

"Lakini hakuwa shuleni."

"Ndiyo, lakini wewe weka Ndiyo."

"Swali linasema shuleni, Lorna. Halisemi 'alisoma'. Lingesema 'alisoma' ningejibu alisoma. Mnaweza kubadilisha swali?"

"Swali lilitungwa na kampuni iliyoutengeneza mfumo, Bi. Twila. Ni la nchi nzima."

"Basi nitafikiri," akasema Twila, akakata simu.

Atafikiri! Niliweka kisu chini. "Unafikiri nini? Mtoto amekimbia kwa miezi miwili, kwenye jua na kwenye tope. Wasichana wengine wanne wanamngoja. Wewe unaulizwa ubonyeze kitufe, unafikiri!"

"Mama," Maren alisema, "ni kitufe tu. Hakuna atakayeumia. Mimi ndiye nitakayeumia."

Twila hakupandisha sauti. Huwa hapandishi, na hilo ndilo linalonitia wazimu. "Unadhani sitaki ukimbie? Nataka kuliko kocha wako. Lakini miaka yote hii, kwenye meza hii, nimekwambia usiandike kitu ambacho sicho kwa sababu tu kuna mtu anakingoja. Ulipokosea hesabu ukafuta ukaandika jibu la nyuma ya kitabu, nilikufanyia nini? Nilikurudisha mwanzo. Leo mimi ndiye wa kuandika jibu la nyuma ya kitabu?"

Maren akavaa kiatu cha pili na kutoka. Mlango wa wavu ukagonga. Tulimwona dirishani akishuka barabarani, anakimbia kwa hasira, vumbi nyuma yake.

Nami nikampa Twila vidonge vyake. Nilimwambia uaminifu wake una kiburi ndani. Nilimwambia kwamba laiti angewapeleka watoto shule kama watu wengine, swali lile lingekuwa na jibu rahisi, na mimi nisingepita langoni miaka kumi na sita na kiti kitupu. Nilisema mengi, mengine hayakuhusu. Alimenya matofaa matatu, na la nne akalimenya mpaka likabaki kokwa, nikachukua kisu changu nikamsaidia. Sikupenda nilivyojisikia.

Galen akaingia kutoka shambani, saa ya chakula. Mdogo wangu huyu ukimpa maneno ishirini kwa siku, jioni anabakiwa na kumi. Alinawa, akakaa, akapakuliwa verenike zake, yale maandazi ya kuchemshwa yenye jibini ndani, na mchuzi mzito, akala huku tunamweleza, mimi huku na Twila kule. Alipomaliza ya nne akafuta mdomo.

"Lakini hapa ni shule," akasema.

"Usianze, Baba Maren," Twila alisema. "Hapa ni nyumbani."

"Ni shule. Tuliiandikisha. Tobias alipoanza, jimbo lilitaka kila nyumba inayofundisha ijiandikishe kama shule binafsi. Ulikuwa Nebraska, unamuuguza mama yako. Fomu ilikuwa na siku yake ya mwisho." Akachukua verenike nyingine. "Ina jina na kila kitu."

Twila aligeuka. "Jina gani?"

Galen akanitazama mimi.

Sasa hapo ndipo masikio yangu yalipoanza kuwaka, na nitasema ukweli kwa sababu mambo haya yalitokea chini ya paa la wifi yangu. Ile fomu niliijaza mimi. Mwandiko wa Galen ni kama kuku amepita na miguu ya tope, kwa hiyo alinijia nayo jikoni kwangu. Wiki ile ile ndiyo nilikuwa nimejua kwamba Tobias hatapanda basi langu. Nilikuwa nimeshamwandalia kiti, kile cha nyuma yangu kabisa, nimekisugua, nimebandika nyota ya karatasi. Galen akasema, "Mahali pa jina la shule andika lolote, Dada." Nami nilikuwa na hasira imenijaa hadi hapa kooni, nikaandika lolote. Yeye akasoma, akacheka, akatia sahihi. Tukaituma. Twila aliporudi hakuna aliyemwambia, na kadiri siku zilivyopita ikawa haiambiki tena.

"Wifi," Twila akasema. "Shule yangu inaitwaje?"

"Inaitwa..." Nilikohoa. "Shule ya Basi Lisilosimama."

Galen akawa anachunguza mchuzi wake. Nilingoja Twila aniambie nitoke, na ningetoka, maana miaka kumi na sita mwanamke huyu anafundisha chini ya jina nililomwandikia kwa kinyongo, na hata hakuwa na habari.

Lakini Twila hakuwa anafikiria jina. Alikuwa ametazama ile kompyuta, na uso wake ulikuwa unabadilika kidogo kidogo.

"Kwa hiyo alikuwa shuleni," akasema.

"Siku zote," alisema Galen.

"Kwa hiyo nimesema uongo." Akaketi chini. "Mara arobaini na saba. Na asante nimeandika."

Sikucheka. Nawaambia, mimi Arlys, sikucheka, mpaka nilipofika nyumbani kwangu na kufunga mlango.

Asubuhi ya Ijumaa tukaenda ofisi ya wilaya, Twila na Maren na mimi. Lorna alisema akipata jina la shule kwenye orodha ya jimbo, ataiunganisha na ukurasa wa Maren na kila kitu kitakuwa halali. Twila alinisogeza mbele kwa mkono mgongoni. "Mwambie, wifi. Jina unalijua wewe."

Ofisi ilikuwa na watu sita na wote walikuwa wamewahi kupanda basi langu. Nikalitaja. Lorna akasema hajasikia vizuri. Nikalitaja tena kwa sauti. Akaandika, akabonyeza, akasogeza uso kwenye kioo, na miwani ile ya kamba ikamdondoka kifuani.

"Ipo! Jamani, ipo! Imeandikishwa miaka kumi na sita!" Alicheka mpaka akaanza kukohoa, mwenzake akamletea maji. "Bi. Arlys, ni wewe? Wewe uliyekuwa ukitukataza kuandika kwenye viti?"

"Fanya kazi yako, Lorna."

Akafanya. Halafu akasema zile siku arobaini na saba lazima zibadilishwe na mwalimu mwenyewe, na kila badiliko litaje sababu kutoka kwenye orodha ya mfumo. "Chagua 'Hitilafu ya mtandao'," alimwambia Twila. "Hiyo inabadilisha zote kwa mpigo mmoja, unamaliza sasa hivi, unakwenda zako."

Twila akaisoma orodha yote, kidole kwenye kioo. "Mtandao haukukosea," akasema.

"Mama," alisema Maren.

"Haukukosea. Umefanya kazi vizuri siku zote. Hii hapa, 'Kosa la mwalimu'."

"Hiyo inabidi uende siku moja moja," alisema Lorna. "Sasa ni saa sita kasoro, Bi. Twila. Na mfumo wenyewe leo una kwikwi."

"Basi tuanze."

Nilitaka kumnyonga. Lakini nilivuta kiti. Maren akakaa upande mmoja anasoma tarehe, mimi upande wa pili nashika karatasi yenye majina ya kuku, kwa sababu mfumo ulikuwa unamtoa nje kila baada ya dakika kumi na kumuuliza upya yeye ni nani.

"Tarehe kumi na nane mwezi wa nane," alisoma Maren.

"Tulianza na ramani ya mito. Ulichora mto wetu unapanda mlima." Ndiyo. Kosa la mwalimu.

"Tarehe tisa mwezi wa tisa."

"Moyo wa nguruwe. Ulikata mwenyewe, ukanionyesha vyumba vinne." Ndiyo. Kosa la mwalimu.

"Tarehe kumi."

"Ulinuna kutwa nzima."

"Nilikuwa sijaelewa sehemu za mia!"

"Ulinuna, ukaelewa saa tisa, ukaendelea kununa kwa sababu ulishaanza." Ndiyo. Kosa la mwalimu.

Hakuna siku aliyoisahau. Hakuwa na daftari mbele yake, alikuwa nazo zote kichwani: siku ya kupima urefu wa silo, lile ghala la nafaka, kwa kivuli chake, siku ya barua kwa bibi wa Nebraska, siku waliyosoma wote watatu kwa zamu hadi sauti ya Galen ikakauka. Ofisi ilikuwa imeacha kucheka. Lorna alijifanya anapanga mafaili na alikuwa anapanga faili lile lile. Maren alianza kusoma tarehe kwa haraka na hasira, ila kufika siku ya thelathini hivi alikuwa ameegemea bega la mama yake, na akitajiwa siku anaongeza yeye mwenyewe kitu ambacho Twila alikiacha.

Nami niliona haya, nasema wazi. Miaka yote ile nilidhani napita kwenye nyumba iliyoninyima watoto. Sikuwahi kujiuliza ndani kunafanyika nini baada ya basi kupita.

Saa nane na dakika hamsini Twila aliweka Ndiyo ya mwisho. Alama zote zikawa za kijani. Lorna alimpigia kocha simu, na kocha alipiga kelele tukasikia chumba kizima. Maren alimkumbatia mama yake kwa nguvu hadi kiti kikasogea. Twila akaomba dakika moja zaidi. Alitaka kuwaandikia kampuni ya mfumo kufuta zile asante, kwa kuwa zilitolewa kimakosa. Tulimtoa pale kwa kumshika mikono, mimi huku na Maren kule.

Jumamosi asubuhi simu ilikuwa imeshanipata, bila shaka, basi la timu ni langu. Nilimwambia Maren asihangaike kwenda mjini, mbio zenyewe ziko upande wetu wa magharibi, angoje langoni. Nikawachukua wasichana wanne na kocha pale shule ya wilaya, tukatoka. Tulipoikaribia barabara yetu nikapunguza mwendo, kocha akainuka.

"Bi. Arlys, unafanya nini? Unajua kanuni. Basi haliruhusiwi kuchukua mwanafunzi nyumbani kwake siku ya mashindano. Ni shuleni tu."

"Naijua kanuni, nimeisoma kabla hujazaliwa. Fungua hilo boksi mbele yako, kuna karatasi."

Lorna alikuwa amenichapia hati ya kuandikishwa kwa shule, na mhuri wa jimbo uko juu. Kocha akasoma, akanitazama, akasoma tena. Wasichana wakamnyang'anya, wakaanza kupiga mayowe.

Nikasimama. Nilifanya yote inavyotakiwa: taa za njano, taa nyekundu, na ule mkono wenye bamba la kusimamisha magari ukafunguka ubavuni, kwenye barabara isiyo na gari hata moja ila trekta la Galen, naye akasimama kweli akangoja. Nikafungua mlango. Maren akapanda na begi lake, akakaa kile kiti cha nyuma yangu.

Twila akaja nyuma yake na bati la zwieback, mikate yetu ya vichwa viwili, bado ya moto, vipande vya kuwatosha wasichana watano na dereva. Aliliweka kwenye ngazi. Halafu hakuondoka. Alilitazama basi kutoka taa ya mbele hadi ya nyuma, pale langoni kwake.

"Wifi," akasema.

"Nini tena?"

"Basi limesimama."

"Naona, wifi. Nimelisimamisha mimi."

"Sasa jina la shule ni uongo."

"Ala! Twila!"

"Ni uongo, na limeandikishwa. Jumatatu itabidi tupeleke jingine." Alipangusa mikono kwenye aproni, na mara hii hakuwa ameivua. "Njoo asubuhi, uliandike wewe. Mwandiko wako ndio unaosomeka."

Nikapiga honi kama siku zote. Nikafunga mlango nikaondoa basi, maana wasichana wote walikuwa wananitazama kwenye kile kioo cha juu.